Nini Hasa Kinachogandamizika?

Chukua kifutio cha mpira, ukibane kati ya vidole viwili. Kitabonyea. Wanafunzi wengi waonapo hivyo husema kuwa mpira hugandamizika. Lakini hebu tazama pembeni: pale ambapo vidole havigusi, kifutio kimetuna. Kilichopungua upande mmoja kimejitokeza upande mwingine, na ujazo wa mpira umebaki karibu uleule. Kifutio kimebadilika umbo tu.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kubana. Nazi iliyokunwa hukamuliwa, pamba hushindiliwa katika marobota, embe bivu hubonyea. Kugandamiza, katika usemi wa kila siku, ni kulemea kitu kwa nguvu. Na hotuba za siasa zimetuzoeza kulisikia neno hili kwa maana ya kuwaonea wanyonge. Fizikia imelipa mipaka: kitu hugandamizika iwapo ujazo wake hupungua kinapoongezewa kanieneo, pasipo sehemu yake yoyote kutoka. Kwa hiyo machicha ya nazi hayahesabiwi, maana tui limetoka. Sifongo nayo hudanganya, kwani kinachotoka humo ni hewa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake. Livute lijae hewa, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Hewa itasongamana. Robert Boyle alitangaza kanuni yake mwaka 1662: kanieneo likiongezwa mara mbili, halijoto isipobadilika, ujazo wa gesi hupungua kuwa nusu. Sasa jaza maji badala ya hewa, usukume tena. Mkono utachoka bure.

Maji, yanayopisha hata kidole cha mtoto, hukataa kugandamizwa! Wataalamu wa Florence, Italia, walijaza maji katika tufe la fedha na kulipondaponda. Maji yakapenya katika fedha hiyo na kutokeza nje kama jasho. Hata hivyo si kwamba hayagandamiziki kabisa. Mwaka 1762 Mwingereza John Canton alithibitisha kuwa hupungua kidogo sana. Baharini, kwenye kina cha meta 2,000, ambako kanieneo ni takriban mara 200 ya lile la angahewa, maji hupungua kiasi cha asilimia 1 tu.

Uhai wa abiria wa magari madogo hutegemea tofauti hiyo. Dereva akanyagapo breki, mafuta ya breki yaliyomo katika mabomba hupeleka nguvu ya mguu wake hadi kwenye magurudumu, kwa sababu hayagandamiziki kwa urahisi. Kiputo cha hewa kikiingia humo, nguvu ya mguu huishia kukigandamiza kiputo, na gari huendelea kwenda. Hatari ni hiyohiyo katika mteremko mrefu, breki zikipata moto mno: maji yaliyonyonywa na mafuta ya zamani huchemka yakawa mvuke, na mvuke ni gesi.

Fundi hulijua jambo hili bila kitabu, naye huliita "kutoa upepo". Mwenzake hukanyaga breki mara kadhaa na kuushikilia mguu chini. Yeye hulegeza kijiskrubu kilicho gurudumuni, akatazama mafuta yakitoka na mapovu, akakaza, wakarudia, hadi yatoke matupu.