Kurekodi gitaa kavu nyumbani

Kurekodi gitaa kavu nyumbani ni kunasa kwa maikrofoni, nje ya studio, sauti ya gitaa lisilotumia umeme.

Ubora wake hutegemea zaidi chumba na mahali pa maikrofoni kuliko bei ya vifaa. Kuta tupu na sakafu ya saruji huleta mwangwi. Mapazia, mazulia na magodoro huupunguza. Maikrofoni huwekwa umbali wa sentimita 20 hadi 40, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa. Ikielekezwa kwenye tundu, sauti nzito huzidi na kuvuma.

Kabla ya kuanza, feni huzimwa, kisha mpigaji hupiga sehemu yenye nguvu zaidi ili kupima kiwango. Sauti ikizidi kipimo hupasuka, na kasoro hiyo ni vigumu kuirekebisha baadaye. Ikiwa ndogo kidogo, huweza kuongezwa.