Biashara ya gemu Kasumulu: Mashine kuukuu bado yalipa

Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuweka fedha katika mashine za gemu huko Kasumulu, kwenye mpaka wa Tanzania na Malawi, hana budi kuamua jambo moja kabla hajapanda basi kwenda Kariakoo: anauza mashine, au anauza muda wa kucheza? Bidhaa ni ile ile, lakini faida haitoki mahali pamoja, na mashine inayomfaa mwenye duka inaweza kumfilisi mwenye kibanda.

Kwa mwenye kibanda, mashine yenye nguvu bado ni PlayStation 2. Kampuni ya Sony iliitoa Japani Machi 2000 na kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya milioni 155 duniani. Wingi huo ndio unaoiweka hai. Vipuri vyake havijaadimika, pedi zake hutengenezwa na viwanda vidogo vya China, na fundi wa redio mwenye uzoefu anaweza kuifungua na kuifunga bila kitabu.

Kinachotangulia kufa ni lenzi inayosoma diski, hasa katika joto na unyevu wa Kyela. Wapenzi wa gemu walikwishapata njia ya kuikwepa: kadi ya kumbukumbu iliyowekewa programu maalumu huiwezesha mashine kusoma gemu kutoka kwenye flashi au diski ngumu. Hapa mnunuzi awe macho. Mashine nene za mwanzo, nyingi hupokea diski ngumu ndani na hucheza vizuri. Nyembamba zilizofuata hutegemea flashi, ambayo ni nzito kusoma, na picha hukwama mara kwa mara. Nyembamba za mwisho, zenye namba inayoanza na SCPH-900, nyingi huikataa kadi ya kawaida ya namna hiyo. Muuzaji hatayasema hayo. Namba imeandikwa chini ya mashine, na kuigeuza hakuna gharama.

Soka ndiyo inayoleta watu kibandani. FIFA 14 ya mwaka 2013 ilikuwa ya mwisho katika mfululizo huo kwa PlayStation 2, na Konami nayo ikafunga kazi mwaka huo kwa PES 2014. Vikosi vinavyoonekana leo katika diski za sokoni vimebadilishwa na wapenzi wenyewe, maarufu wakiwa Wabrazil na mfululizo wao wa Bomba Patch. Diski hizo hazina ridhaa ya wenye gemu, nazo kazi za namna hiyo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mwenye kibanda aihesabu hatari hiyo katika mtaji wake.

Televisheni nayo ina sehemu yake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na seti zilipoanza kuingia majumbani, mashine za kaseti zilizoigwa kutoka Nintendo ya mwaka 1983 zilizifuata. Matangazo ya analojia yalipozimwa Mbeya Aprili 2013, wengi walidhani televisheni za chogo zimekwisha kazi. Kwa kibanda hazijakwisha: waya wa njano, mwekundu na mweupe wa PlayStation 2 huingia moja kwa moja, wakati flati skrini nyingi mpya hazina tundu hilo na huhitaji kifaa cha kugeuza.

Hesabu ya mfano itaonyesha tofauti. Tuseme mashine kuukuu, televisheni ya chogo, pedi nne na mabenchi vimegharimu sh. 400,000/-. Mechi moja ni sh. 300/-, na kwa siku huchezwa mechi 25: mapato ni sh. 7,500/-. Ondoa sh. 4,000/- za umeme, pango na kijana wa kusimamia, inabaki sh. 3,500/-. Kwa siku 26 za mwezi ni sh. 91,000/-, na mtaji umerudi katika mwezi wa tano. Chukua sasa PlayStation 4 na flati skrini kwa sh. 1,200,000/-, gharama za siku zikiwa sh. 5,000/-. Mteja akikubali kulipa sh. 500/- kwa mechi, fedha zinarudi baada ya miezi sita na ushei. Akigoma kuvuka sh. 300/-, inachukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kabla ya pedi hata moja kuvunjika. Katika mji mdogo mteja hulipia mechi, hajali sana umri wa mashine. Aliye na simu yenye gemu ya soka tayari anacheza bure. Kibandani anafuata mpinzani wa kumtambia.

Anayeuza mashine yuko katika soko jingine. Wanunuzi wake ni watumishi, wenye maduka na wakulima waliopata. Kyela hiyo ina maana ya mpunga na kakao. Bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani Machi 2024, kisha ikashuka sana mwaka 2025. Aliyejaza PlayStation 5 dukani kwa kuamini bei ya kwanza ataziangalia muda mrefu. Mashine hiyo pia inadai intaneti: hata kisoma diski cha toleo jembamba la mwaka 2023, kikinunuliwa peke yake, hakifanyi kazi mpaka kiunganishwe na mtandao mara ya kwanza.

Ng'ambo ya mto Songwe ndiko wengi wanakoona faida, na ndiko hesabu zinakoharibika. Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi hizo inaweza kupata nafuu ya ushuru kwa cheti cha uasilia. Mashine ya gemu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo. Ilipoingia Dar es Salaam ilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 juu yake, yaani sh. 100/- za awali zikawa sh. 147.50 kabla ya tozo nyingine. Ikivuka Songwe, forodha ya Malawi inaanza upya. Ndiyo maana mwagizaji mkubwa wa Lilongwe hupitisha mzigo wake Tanzania kama mali ya njiani, bila kulipa kodi za hapa, na mchuuzi wa Kasumulu mwenye mashine tatu mkobani hamwezi kwa bei.

Kisha kuna kwacha. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi iliishusha kutoka takriban 1,180 hadi 1,700 kwa dola. Aliyekuwa anadai kwacha 1,000,000 kwa mashine alizokopesha alilala akiwa na dola 847 na kuamka akiwa na 588, wala mdeni hakumdhulumu hata senti. Anayeuza upande ule auze taslimu na kubadili siku hiyo hiyo. Faraja yake ni moja: Machi 2025 Malawi ilipozuia mazao kadhaa kutoka nje na Tanzania ikajibu Aprili, ndizi ziliozea mpakani hadi zuio lilipoondolewa. Mashine hukaa ghalani.

La mwisho ni umeme. Mashine nene zilizotumika Japani ni za volti 100, na za Marekani volti 120. Zikichomekwa kwenye volti 230 za Kasumulu bila transfoma zinaungua siku ya kwanza, na katika seti ya chogo ya zamani zinaweza kuonyesha picha isiyo na rangi. Lebo nyuma ya mashine isomeke volti 220-240 kabla fedha hazijatoka mfukoni.