Mtoto akiuliza Pilato ni nani, umjibu nini?

Watoto wengi wanaolelewa kanisani huishika Kanuni ya Imani kabla hawajajua kusoma. Huishika kama wimbo: sauti za watu, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kuinamisha kichwa. Maswali huja baadaye, mtoto anapofika miaka minane au tisa na kuanza kuyasikia maneno yenyewe. Pilato ni nani, na mbona tunamtaja kila Jumapili? Yesu alikwenda kuzimu kufanya nini? "Wewe sema tu, utaelewa ukikua," hujibu mzazi, kama alivyojibiwa yeye. Mtoto anakua kweli, ila maswali yake hayarudi tena nyumbani. Anayapeleka shuleni na kwenye simu, na huko majibu hayakosekani.

Tuanze na Pilato, kwa kuwa ndiye rahisi. Alikuwa liwali wa Kirumi katika Uyahudi tangu mwaka 26 hadi 36 hivi. Mwaka 1961 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta huko Kaisaria, kwenye pwani ya Mediterania, jiwe lililochongwa jina lake. Picha yake inapatikana kwa urahisi, na mtoto akionyeshwa hasahau. Pilato hakuwekwa mle kwa heshima. Ukimwondoa Yesu, Kanuni inawataja kwa jina watu wawili tu: Mariamu aliyemzaa, na ofisa wa serikali aliyetoa amri auawe. Wakristo wa mwanzo walitaka ijulikane kwamba habari yao haikuanza na "hapo zamani za kale". Ilitokea mahali fulani, chini ya utawala fulani, na mtu akafa kweli.

Maneno hayo yalizaliwa kwenye ubatizo. Aliyebatizwa katika kanisa la kale aliulizwa maswali matatu akiwa majini: juu ya Baba, juu ya Mwana, juu ya Roho. Kila mara alijibu kwamba anasadiki. Kutokana na maswali kama hayo lilikua ungamo fupi la kanisa la Roma, nalo ndilo mama wa ile tunayoiita Imani ya Mitume. Ipo hadithi ya kale kwamba mitume kumi na wawili walikaa pamoja, kila mmoja akachangia kipande. Ni hadithi tamu, lakini si historia. Maneno kama tunavyoyasema leo yalitulia karne ya 8 hivi. Kiini chake, hata hivyo, ni cha kale mno. Paulo, akiwaandikia Wakorintho miaka ya 50, tayari anawakumbusha jambo ambalo naye alilipokea kwa wengine: kwamba Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana.

Namna walivyoifundisha ingewashangaza walimu wa katekisimu wa leo. Augustino, askofu wa Hipo katika nchi ambayo sasa ni Algeria, aliwakataza wanaojiandaa kubatizwa wasiiandike popote. Waishike moyoni, waiseme wakilala na wakiamka. Siku chache baadaye kila mmoja aliitwa kuirudisha kwa mdomo wake mwenyewe. Kwanza walipokea, kisha wakarudisha, na katikati askofu aliwaeleza neno kwa neno. Hapo katikati ndipo penye pengo katika nyumba nyingi: mtoto anapokea na kurudisha, ila hakuna aliyemweleza.

Ungamo refu, lile la Nikea, lina historia yenye moto zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 4 padre mmoja wa Aleksandria, Ario, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe. Mungu alimfanya, na kabla ya hapo hakuwepo. Ario hakuwa mpumbavu. Alitaka kuilinda imani ya Mungu mmoja, na alikuwa na aya za Biblia mkononi. Ugomvi ukasambaa hadi Kaisari Konstantino akawaita maaskofu Nikea mwaka 325, mji ambao leo ni Iznik, Uturuki. Wakasema Mwana amezaliwa wala hakuumbwa, tena ana umungu ule ule wa Baba. Neno la Kigiriki walilotumia halimo katika Biblia, na jambo hilo liliwasumbua hata baadhi ya waliolikubali. Ugomvi haukuisha. Atanasi, mtetezi mkubwa wa Nikea, alifukuzwa katika kiti chake mara tano. Ungamo tunalolisema sasa, pamoja na sehemu ndefu juu ya Roho Mtakatifu, limefungamana na mtaguso wa pili, wa Konstantinopoli, mwaka 381.

Kwa nini wagombane hivyo kwa neno moja? Kwa sababu ya msalaba. Kama Ario alisema kweli, basi Mungu alibaki juu akamtuma kiumbe wake kuteseka. Kama Nikea ilisema kweli, aliyeteseka ni Mungu mwenyewe aliyejifanya mtu. Tofauti hiyo haibaki vitabuni. Kijana ataikuta kwa Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi Jumamosi, na ataikuta kwa mwenzake Mwislamu darasani anayemwambia kwamba Mungu hazai. Wote wawili wanastahili kusikilizwa kwa adabu. Lakini kijana asiyejua kanisa lake linasema nini atanyamaza, au atatukana. Anayejua anaweza kueleza kwamba "kuzaliwa" huko hakuhusu mwili, wala mke, wala siku yenye mwanzo.

Kwenye simu atakuta pia kwamba Konstantino ndiye aliyemfanya Yesu kuwa Mungu, na kwamba Nikea ndiko vilikochaguliwa vitabu vya Biblia. Yote mawili si kweli. Mtaguso ule uliacha kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Na zaidi ya miaka 200 kabla yake Plinio, liwali wa Kirumi ambaye hakuwa Mkristo, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba watu hawa hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu.

Sasa kuzimu. Hilo ndilo swali ambalo mzazi hapaswi kulikwepa, hasa mwaka ambao familia imezika. Neno hilo halikuwemo katika ungamo la kale la Roma; liliingia baadaye. Maana yake ya kwanza ni makao ya wafu, mahali wanapokwenda wote wanaokufa, siyo moto wa waovu. Kwa mtoto aliyemwona bibi yake akishushwa kaburini, maneno hayo yanamwambia kwamba Yesu naye alifika huko, kwa kufa kabisa kama anavyokufa mtu.

Wamasai waliofundishwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kaskazini mwa Tanzania, miaka ya 1960, waliielewa sehemu hiyo upesi. Katika ungamo walilotunga kwa njia yao, Yesu ni mtu wa safari, asiyekaa mahali pamoja, akienda huku na huko akitenda mema. Walipofika kwenye kifo chake hawakuona inatosha kusema alizikwa. Waliongeza jambo ambalo kila mfugaji wa nyikani angeuliza kwanza: kwamba fisi hawakumgusa.