Unatengenezewa ekzosi ya gari la zamani? Usitume pesa yote mapema

Ukiwa na Land Cruiser ya miaka ya tisini, Land Rover uliyoachiwa na mzee, au kale ka-Suzuki ka kupanda milima, hii hadithi unaijua. Injini bado inavuta vizuri, bodi bado iko, lakini ekzosi imeoza. Unaulizia spea, unaambiwa haipo. Ama ipo, lakini ni ya shasi fupi na yako ni ndefu. Mwishowe mtu anakwambia, "Peleka kwa fundi akutengenezee." Na fundi naye, kabla hata hajaingia chini ya gari, anasema, "Tuma kitu ya vifaa kwanza, bosi."

Sisi kazi yetu ni malipo, kuchomelea tunawaachia wenyewe. Lakini malipo ya kazi ya aina hii yana shida yake. Ekzosi iliyokatwa kwa kipimo cha gari lako huwezi kuirudisha dukani, na fundi hawezi kuiuzia mtu mwingine. Paipu ikishakatwa, imekatwa. Ndiyo maana mambo mengi yanafaa kuamuliwa kabla hujabonyeza "Tuma", na ndiyo maana tumeandika kwanza kuhusu fundi, pesa baadaye.

Kumpata fundi

Nairobi, watu wengi huanzia Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Kwa spea ni sawa. Kwa kazi ya kukunja paipu na kutengeneza kitu kipya kabisa, tembelea pia Industrial Area na Kariobangi Light Industries, ambako kuna watu wanaoshinda na chuma siku nzima. Nje ya Nairobi, fuata magari yenyewe. Nanyuki na Isiolo, kwa mfano, Land Cruiser na Land Rover ni gari za kazi za kila siku, na gari la kazi haliwezi kukaa wiki tatu likingoja spea kutoka ng'ambo. Mafundi wa huko wamezoea kutengeneza kile ambacho hakipo dukani.

Njia nyingine ni kuuliza watu wa Rhino Charge. Haya ni mashindano ya kupita msituni pasipo na barabara, yanayofanywa tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa mazingira, na magari mengi yanayoshiriki yamebadilishwa sana chini. Mwenye gari kama hilo atakwambia ni nani alimfanyia kazi, na bila kuulizwa atakwambia pia ni nani aliyemharibia.

Ukifika gereji, picha za kwenye simu ya fundi ziangalie, lakini zisikutoshe. Ekzosi yoyote inapendeza siku ya kwanza. Muombe akuonyeshe gari alilolifanyia kazi mwaka jana, au akupe nambari ya mteja ambaye gari lake limeshapita msimu mmoja wa mvua na barabara ya mawe. Mpigie. Muulize maswali mawili tu: imepasuka mahali? Inagonga chini ukipita shimo? Fundi mzuri hatakasirika ukiomba nambari hiyo. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Halafu angalia anavyokunja paipu, kwa sababu hapa ndipo mafundi hutofautiana sana. Kuna wenye mashine inayokunja na kuacha paipu na uduara wake uleule kwenye kona. Hao ni wachache na bei yao iko juu. Kuna wenye presi ya haidroliki, ambayo hubana paipu kidogo kwenye kona. Kwa gari la zamani lisilo na turbo, hiyo inakubalika kama kona si kali. Na kuna wanaokata vipande vidogo na kuviunga kwa kuchomelea mpaka kona itokee. Akiwa na mkono mzuri, kazi ya vipande inaweza kudumu miaka. Akiwa na haraka, kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Uliza pia paipu inatoka wapi. Kuna wanaotumia paipu ya maji, ile ya mabati inayong'aa. Usikubali. Ile rangi ya fedha ni zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi unaomfanya anayechomelea aumwe na homa. Fundi anayejua kazi yake hataki hata kuisikia. Chuma cha kawaida cha ekzosi ni bei nafuu na kinachomeleka kirahisi, ila kutu itakuja. Stenlesi hudumu zaidi, bei iko juu, na si kila mtu anajua kuichomelea.

Mkubaliane kwa maandishi

Huhitaji wakili. Ujumbe wa WhatsApp au SMS unatosha, mradi fundi ajibu "sawa". Andika upana wa paipu, aina ya chuma, itapita wapi, sailensa gani, bei yote, na siku ya kumaliza.

Kuhusu upana, wengi hudhani paipu kubwa ni nguvu zaidi. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za hapa kwetu. Haina turbo kutoka kiwandani. Ukiiwekea paipu ya inchi tatu na kutoa sailensa, utapata kelele nyingi na nguvu utazitafuta kwa tochi. Inchi mbili na nusu, kona chache, na sailensa ya maana zinaitosha. Kama gari lako limeongezewa turbo, hapo ndipo mazungumzo ya inchi tatu yanaanza.

Sailensa yenyewe usikubali iachwe. Sheria za trafiki zinataka gari liwe nayo, na kanuni za kelele za NEMA zipo tangu 2009. Zaidi ya hayo, safari ya Nairobi hadi Marsabit na ule mngurumo masikioni utaijutia kabla hujafika Isiolo.

Njia ya paipu ndiyo inahitaji mjadala mrefu. Gari la barabara mbovu halikai tuli: ekseli inapanda na kushuka, springi zinajikunja, injini inatikisika kwenye raba zake. Paipu iliyopita sentimita mbili juu ya ekseli gari likiwa gereji itagongwa siku ya kwanza porini. Muombe fundi ainue gurudumu moja la nyuma kwa jeki mpaka springi ijibane, halafu muangalie pamoja nafasi iliyobaki. Paipu isiwe ndiyo kitu cha chini kabisa kwenye gari, na isikae karibu na tangi la mafuta wala paipu za breki. Ining'inie kwa raba, isifungwe kwa chuma kitupu, maana kitu kisichocheza hupasuka. Na kama unapita kwenye nyasi ndefu, mwambie aache nafasi ya kukingia joto na ya kutoa nyasi kwa mkono. Nyasi kavu iliyokwama juu ya ekzosi ya moto imeshateketeza magari mengi mbugani.

Jambo moja la kumkumbusha kwa upole: kabla hajaanza kuchomelea kwenye gari, atoe waya za betri. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua altaneta, na hiyo ni bili nyingine.

Sasa, pesa

Tuseme mmekubaliana shilingi 30,000 kazi na vifaa. Fundi anaomba yote, ama anaomba nusu. Tunaelewa kwa nini: wengi hawana mtaji wa kununua paipu na sailensa ya mteja ambaye huenda asirudi. Wameshaachiwa ekzosi zilizokatwa, mwenye gari amezima simu. Kwa hivyo swali ni mtagawanya vipi hatari hiyo.

Ukiweza, lipia vifaa moja kwa moja dukani. Fundi aende, achague, akutumie picha na nambari ya till ya duka, wewe ulipe ukiwa kwako. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa ni jina la duka, endelea. Likiwa ni jina la mtu usiyemjua, simama kwanza, piga simu, uliza. Hapo fundi amepata paipu yake, na pesa yako imegeuka kuwa chuma unachoweza kukiona kwenye picha.

Malipo ya pili yafuate kitu kinachoonekana: paipu imekunjwa yote na kushikwa kwa nukta za kuchomelea chini ya gari, kabla ya kuchomelewa kabisa. Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya mwisho ambapo kubadilisha njia ni rahisi. Nenda mwenyewe, ama umtume mtu anayejua gari. Angalia ekseli, angalia tangi. Ukiridhika, tuma sehemu ya pesa ya kazi. Inayobaki, ambayo isiwe kidogo sana, mpe baada ya majaribio.

Ndiyo, kutuma mara tatu kuna ada zaidi ya kutuma mara moja. Na kama unatuma kwenye nambari yake ya kawaida, mkubaliane mapema nani analipa ya kutoa, maana urafiki mwingi wa gereji umevunjika kwa sababu ya ile "bosi, hujaweka ya kutoa". Fundi akiwa na till ya gereji, tumia hiyo. Rekodi inabaki na jina la biashara, na yeye pia anaweza kuonyesha mapato yake siku akitaka mkopo.

Katikati ya kazi unaweza kupata ujumbe: "Till imekataa, tuma kwa hii ya bibi yangu." Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa mtu mwingine kabisa aliyeshika simu ya fundi, au kijana wa gereji anayejitafutia. Mpigie kwenye ile nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo na usikie sauti yake. Dakika moja tu.

Swali tunaloulizwa mara nyingi: "Kazi ikiwa mbaya, mnaweza kunirudishia?" Hapana. Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyoenda kwa nambari ambayo hukukusudia. Uliyemtumia akiwa ndiye uliyemkusudia, na ugomvi ni wa kuchomelea kubaya, hatuwezi kuingia akaunti yake tukachukua. Tafadhali usidai ulikosea nambari wakati hukukosea. Ombi kama hilo likichunguzwa, historia yenu ya kutumiana pesa inaonekana.

Kabla ya malipo ya mwisho

Usilipie kelele nzuri. Kuna hewa inaitwa kaboni monoksidi inayotoka kwenye ekzosi, haina rangi wala harufu, na inaua. Kwa gari la zamani hatari ni kubwa zaidi: sakafu ina matundu, mpira wa mlango wa nyuma umekauka, turubai halifungi. Ukiendesha na mlango au dirisha la nyuma wazi, moshi hufyonzwa kuingia ndani. Kwa hivyo mdomo wa ekzosi utoke nje kabisa ya bodi, nyuma au pembeni. Usiishie chini ya viti vya abiria.

Jaribio ni rahisi. Injini ikiwa bado baridi, iwashwe, fundi azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene kwa sekunde chache, wewe sikiliza chini. Kila "fsss" ni tundu. Apake maji ya sabuni kwenye viungo, uone kama kuna mapovu. Halafu nenda nalo kwenye barabara mbovu nusu saa, rudi, ingia chini. Ukiona masizi meusi kwenye kiungo, hapo panavuja. Chuma kinachong'aa mahali kisipostahili kung'aa kimesuguana na kitu. Na kama mlioketi ndani kichwa kimewauma au usingizi umewashika ghafla, simamisheni gari, tokeni nje, na msilirudishe barabarani kabla halijarekebishwa.

Yakirekebishwa, mlipe fundi siku hiyohiyo. Usimzungushe na "kesho". Anayelipwa kwa wakati huchukua simu yako siku sailensa itakapopigwa na jiwe.

Yasiporekebishwa na mazungumzo yakakwama, zile jumbe zako zina kazi. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kwenda bila wakili. Peleka makubaliano ya WhatsApp, picha za kila hatua, na taarifa ya miamala inayoonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Taarifa hiyo unaweza kutuomba hata kama ulishafuta SMS, ila usizifute. Na ukituma pesa, mwandikie fundi papo hapo kwenye WhatsApp: "Nimetuma 8,000 ya kazi, imebaki 7,000 baada ya kujaribu gari." Akijibu "sawa bosi", umeshapata risiti.