Mwaka wa kwanza wa chekechea: Usimpime mwanao kwa daftari

Ijumaa mchana umemchukua mwanao kutoka shule ya chekechea. Mnapofika nyumbani unafungua mkoba wake na kutoa daftari. Ukurasa wa kwanza una mistari iliyopindapinda, wa pili una miviringo isiyofungika, na kurasa zinazofuata hazina kitu. Mtoto wa jirani, ambaye ni wa rika lake lakini husoma shule nyingine, tayari anaandika 1 hadi 50, na daftari lake limejaa alama za vema za kalamu nyekundu. Unavunjika moyo. Je, karo unayolipa inakwenda wapi?

Swali hili huwasumbua wazazi wengi wa mijini. Baadhi yao huwahamisha watoto kabla hata muhula haujaisha. Wengine hutafuta mwalimu wa kumfunza mtoto wa miaka minne nyumbani jioni, saa ambazo angekuwa akicheza au amelala. Wapo pia wanaomchapa mtoto kwa sababu 5 yake imetazama upande usiofaa. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, ni vyema ufahamu mambo ambayo mtoto hujifunza katika mwaka wa kwanza wa chekechea, kwani mengi yake hayaonekani katika daftari.

Hapa Kenya, masomo ya chekechea huchukua miaka miwili, yaani PP1 na PP2, na mtoto hutarajiwa kuyaanza akiwa na umri wa miaka minne. Chini ya Katiba ya 2010, jukumu la elimu hii liko mikononi mwa serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa haya kote nchini Januari 2019, unataka mtoto afunzwe kupitia shughuli: za lugha, za hisabati, za mazingira, za ubunifu na za dini. Zimeitwa shughuli kwa sababu nzuri. Mtoto wa umri huu hujifunza kwa kushika, kuruka, kuimba na kuuliza, wala si kwa kukaa kimya akinakili ubaoni.

Kujitegemea

Somo la kwanza kabisa ni kuachana na mama. Kilio unachokisikia langoni mwezi wa Januari si utundu. Mtoto bado hana hakika kwamba anayeondoka atarudi, na hakika hiyo huipata kwa kukuona ukirudi siku baada ya siku. Kwa hivyo usimtoroke akiwa ameangalia kando. Muage, mwambie utakuja baada ya chakula cha mchana, kisha uje saa hiyo hiyo.

Somo la pili ni kuuhudumia mwili wake. Anajifunza kuomba ruhusa ya kwenda msalani, kujifuta, kunawa mikono kwa sabuni, kuvaa sweta na kumweleza mtu mzima kwamba tumbo linamuuma. Haya yana uzito mkubwa kiafya. Mtoto anayeogopa choo cha shule au anayemwogopa mwalimu hujizuia kutwa nzima, na matokeo yake huwa ni kufunga choo, maumivu ya tumbo na kujikojolea. Naye asiyezoea kunawa mikono huleta nyumbani ugonjwa wa kuhara na minyoo.

Usishangae pia mwanao akishikwa na mafua mara nyingi zaidi mwaka huu. Amekutana na watoto wengi kwa mara ya kwanza, na mwili wake unakutana na viini usivyovizoea. Hakikisha amemaliza chanjo zake, na kwamba anapata vitamini A kila baada ya miezi sita hadi atimize miaka mitano.

Mkono kabla ya kalamu

Sasa tuje kwenye yale maandishi yaliyopinda. Kifundo cha mkono kina mifupa minane midogo. Mtoto anapozaliwa, sehemu hiyo yote huwa ni gegedu, yaani ule mfupa laini unaopindika kama wa sikio. Gegedu hilo hugeuka kuwa mfupa kamili kidogo kidogo, na kazi hiyo huendelea hata baada ya mtoto kufikisha miaka minane. Misuli ya vidole nayo haijapata nguvu, na macho bado yanajifunza kuuongoza mkono.

Ndiyo maana mtoto mdogo hukamata kalamu kwa ngumi nzima. Baadaye huishika kwa vidole vyote, kisha, kati ya miaka minne na sita, huanza kuishika kwa vidole vitatu kama mtu mzima. Hatua hizi hazirukwi kwa kiboko. Mtoto anayelazimishwa kujaza kurasa kabla ya wakati huchoka, huumwa na vidole, huzoea kushika kalamu vibaya, na mwishowe huchukia kazi yenyewe. Kuandika herufi au tarakimu kinyume ni jambo la kawaida hadi mtoto afikishe takriban miaka saba.

Mwalimu anayeijua kazi yake huutayarisha mkono kwanza. Ukimwona mwanao akifinyanga udongo, akitunga shanga, akirarua karatasi na kuzigandisha, au akichora mchangani kwa kidole, yuko katika somo la kuandika. Hata kuning'inia na kupanda ngazi kule uwanjani ni sehemu ya somo hilo, kwa sababu mkono hautulii mezani kama bega na mgongo havina nguvu.

Sikio kabla ya herufi

Kusoma pia huanza mbali na kitabu. Kabla mtoto hajaelewa kwamba herufi m inasimamia sauti fulani, sharti kwanza aisikie sauti hiyo katika maneno. Nyimbo, vitendawili na hadithi za chekechea zina kazi hiyo. Watoto wanapopiga makofi wakisema ma-to-ke, wanajifunza kwamba neno hugawanyika. Wanapotambua kwamba mama, meza na maji huanza kwa sauti moja, wamekaribia mlango wa kusoma. Kiswahili huwasaidia sana hapa, kwa kuwa silabi zake husikika waziwazi.

Aidha, mtoto anaongeza maneno kila siku. Kwa hivyo usimkataze kuzungumza lugha ya nyumbani ukidhani inamchelewesha Kiingereza. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha anayoijua vyema hupata urahisi wa kujifunza ya pili, kwa kuwa tayari anayo maana, na anachotafuta ni jina jipya tu.

Kuhesabu si kukariri

Fanya jaribio hili. Mwambie mwanao ahesabu, na huenda akafika 20 bila kusita. Kisha mwagia mezani vifuniko vya soda na umwambie akupe vitano. Watoto wengi wa miaka mitatu, na baadhi ya wenye minne, watakuchotea kiganja kizima. Wanajua wimbo wa namba lakini hawajui namba.

Kujua kwamba kila kifuniko hupewa namba moja tu, na kwamba namba ya mwisho kutajwa ndiyo jumla ya vyote, ni hatua kubwa ya akili. Hata baada ya hatua hiyo kuna nyingine. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka wa 1980, alionyesha kwamba ukipanga safu mbili zilizo sawa kisha ukaitawanya moja, mtoto mdogo atakuambia kwamba iliyo ndefu imekuwa na vitu vingi zaidi. Haongopi wala hana upungufu. Akili yake haijafika huko. Mtoto anayepanga mbegu, kugawa vikombe na kulinganisha vijiti atafika. Anayenakili 1 hadi 50 huenda akawa anachora tu.

Kungoja zamu

Huenda hili ndilo kubwa kuliko yote. Darasani kuna bembea moja na watoto ishirini wanaoitaka. Mtoto anajifunza kungoja, kukubali kushindwa, kusema "nipe" badala ya kunyang'anya, na kueleza hasira yake kwa maneno badala ya meno. Sehemu ya mbele ya ubongo inayodhibiti mambo haya huendelea kukomaa hadi mtu anapopita umri wa miaka ishirini, kwa hiyo usitarajie maajabu kwa mwaka mmoja. Hata hivyo, msingi huwekwa sasa. Mchezo wa kusimama tuli muziki unapozimwa, au ule wa kuruka kamba kwa zamu, humfunza mtoto kuizuia nafsi yake. Asiyeweza kujizuia hatamsikiliza mwalimu wa gredi ya kwanza, hata kama anajua herufi zote.

Wakati wa kuchukua hatua

Kusema kwamba watoto hukua kwa mwendo tofauti si kusema kwamba kila kuchelewa ni kwa kawaida. Mpeleke mwanao kwenye kituo cha afya ukiona dalili hizi akiwa na miaka minne au zaidi:

Kwanza, haitiki anapoitwa kutoka nyuma, huongeza sana sauti ya redio, au masikio yake hutoa usaha mara kwa mara. Watoto kadha wa kadha wameitwa wajinga au wakaidi kumbe hawasikii.

Pili, huinamia kitabu hadi pua ikaribie kukigusa, hufinya macho, au jicho moja huenda upande wake. Jicho lililo dhaifu hutibika vyema zaidi kabla ya miaka saba. Ukingoja sana, huenda ubongo ukazoea kulipuuza.

Tatu, watu wasio wa nyumbani hawaelewi anachosema, au hawezi kuunganisha maneno katika sentensi.

Nne, huanguka ovyo, hawezi kuruka kwa miguu yote miwili, au amepoteza uwezo aliokuwa nao awali. Hili la kupoteza uwezo lisingoje hata wiki moja.

Tano, hachezi na wenzake kamwe, au bado anaingiwa na hofu kubwa kila asubuhi miezi mingi baada ya kuanza shule. Chunguza pia kinachotendeka huko shuleni. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kimwili au kuteswa kiakili. Sheria hiyo haibagui mwenye miaka minne.

Ikiwa shida inahusu kujifunza, kuna vituo vya serikali vya kuwakagua watoto wenye mahitaji maalum, vijulikanavyo kama EARC. Uliza katika afisi ya elimu iliyo karibu nawe.

Ufanye nini nyumbani?

Usimgeuze mwanao mwanafunzi wa usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji kulala kati ya saa 10 na 13 kwa siku. Anahitaji pia kuchangamsha mwili kwa muda usiopungua saa tatu, ambapo saa moja iwe ni ya kukimbia na kutokwa na jasho. Televisheni na simu zisizidi saa moja, na zikipungua ni bora zaidi. Kwa mtoto anayeishi katika vyumba vya ghorofa, na anayerauka alfajiri kungoja basi la shule, hesabu hii haitimii bila mzazi kuipanga. Ikiwa basi huja saa kumi na mbili, basi saa moja usiku awe kitandani.

Mpe uji au kiamshakinywa kingine kabla ya kutoka. Mwache afunge vifungo vyake mwenyewe, hata kama mnachelewa kidogo. Mpe maharagwe ayachambue, sahani azipange, na sufuria azihesabu. Msimulie hadithi, kisha naye akusimulie. Anaporudi, usimuulize, "Umepata ngapi?" Muulize alicheza na nani, waliimba nini, na ni nani aliyelia.

Unapotembelea shule, usitazame madaftari pekee. Tazama kama kuna maji na sabuni, kama vyoo ni vya kimo cha watoto, na kama wana mahali pa kukimbia. Msikilize mwalimu anavyomjibu mtoto aliyekosea. Na shule ya msingi ya umma ikikuambia mwanao sharti apite mtihani ndipo apokewe, fahamu kwamba sheria ya 2013 hairuhusu mtihani wa kumnyima mtoto nafasi. Anaweza kukaguliwa tu ili awekwe katika darasa linalomfaa.

Kufikia mwisho wa mwaka, mtoto aliyefunzwa vyema atakuaga langoni bila machozi, atanawa mikono bila kukumbushwa kila mara, atakuhesabia vifuniko vitano na kusimamia hapo, na atakusimulia hadithi yenye mwanzo na mwisho. Huenda miviringo yake bado itakuwa haijafungika vizuri. Itafungika.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ijumaa ijayo, weka daftari kando, kaa naye sakafuni na umwombe akuonyeshe mchezo waliocheza. Hapo ndipo utakapojua karo yako inakwenda wapi.