Shamba liko mbali, mwili umelala: tufanye nini?



Tukisema "mazoezi ya mwili", wakulima wengi wanacheka. Wanajibu: "Mazoezi ni ya watu wa biro na ya watoto wa mpira. Sisi tuko na jembe, jembe linatosha." Kwa mtu anayelima kila siku, jibu hilo ni la kweli. Lakini tuangalie vizuri: kati yetu, ni nani bado analima kila siku?

Kuko wale waliokimbia mashamba yao upande wa Oicha, Mbau ao Eringeti juu ya mauaji, wakaja kukaa Beni mjini ao huku Butembo. Kakao imebaki kule, wao wako hapa wakingoja habari za usalama. Kuko watu wa komite: prezida, sekretere, kesie. Siku nzima wako mbele ya madaftari, na wakitoka wanapanda moto hata kwa safari ndogo. Kuko wale wa depo wanaokaa nyuma ya mizani tangu asubuhi hadi jioni. Wote wanajiita wakulima, na wanakula sawa wakulima: bugali, sombe na mafuta ya mawese, maharagi. Sahani haikupunguka. Kazi ndiyo imepunguka.

Hapo ndipo tansio na ugonjwa wa sukari vinapata njia. Tansio inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kumuumiza, halafu siku moja inamwangusha upande mmoja wa mwili. Mtu akipooza, shamba linauzwa ili kulipa matunzo, na watoto wanatoka masomoni. Kwa hiyo hii ni habari ya koperative pia, si ya daktari peke yake.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mashauri mwaka 2020: mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kila wiki, na siku 2 ao zaidi za kazi ya kutia misuli nguvu. Dakika 150 ni nusu saa, mara 5 kwa wiki. Si lazima kuzifanya kwa mara moja: dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni zinahesabiwa sawasawa.

Utajuaje kama mwendo wako ni wa kadiri? Jipime kwa mdomo. Ukiwa unatembea na unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni kadiri. Ukishindwa kusema maneno machache bila kukata pumzi, hiyo ni kazi ya nguvu. Butembo ni mji wa vilima: kupanda kutoka bondeni hadi juu kunatosha kukata pumzi. Mlima wenyewe ni mazoezi ya bure.

Tupate wapi wakati?

Tusitafute saa mpya, haiko. Tutumie saa tulizo nazo.

Kama depo iko kilomita moja toka nyumbani, iache moto. Kwenda kwa miguu ni karibu dakika 15, kurudi 15. Siku 5, umetimiza dakika 150, na franka za moto zimebaki mfukoni. Kama ni mbali sana, shuka moto mbele kidogo, umalizie kwa miguu.

Mkutano wa komite ukipita saa moja, prezida asimamishe watu dakika 5. Waende kuangalia kahawa iliyoanikwa, waigeuze, warudi. Kahawa inapata faida, na mgongo pia.

Tunakumbuka Ebola, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020. Watu walinawa mikono kwa sababu ndoo ilikuwa mlangoni: huwezi kuingia pasipo kuipita. Tufanye vilevile. Weka jembe karibu na mlango, utalishika. Ukilificha nyuma ya magunia, utalisahau.

Kwa wale wasiokuwa na shamba karibu, hata lupango ndogo ya Mususa inaweza kupokea tuta la mita 1 kwa mita 5. Panda lengalenga, vitunguu, matembele. Kulima, kupalilia, kumwagia maji na kugeuza kompositi kila wiki 2 ao 3 ni mazoezi yanayorudi nyumbani na mboga.

Mama hahitaji kuongezewa

Tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi za kwetu, baba amekaa mno na mama amechoka mno. Mama anaamka mapema, anaenda kulima, anarudi na mzigo mgongoni, kamba kwenye kipaji, kuni juu na mtoto mbele. Kumwambia huyo "ongeza mazoezi" ni kumdhihaki. Anachohitaji ni kupunguziwa mzigo na kupumzika.

Basi dawa ya wawili ni moja: kazi ihame. Bido ya lita 20 ni kilo 20. Baba akichota maji siku 2 ao 3 kwa wiki, amepata kazi ya kutia misuli nguvu, na mama amepata pumziko. Ambaye hajazoea aanze na bido ya lita 10. Tena, gunia la kilo 50 lisibebwe na mama mmoja: ligawanywe, ao lipande chukudu. Wakati wa kuinua, kunja magoti, mzigo uwe karibu na mwili, usipinde mgongo.

Tuangalie hatari

Usitembee peke yako alfajiri ao usiku, wala kwenye njia za pori. Tembea mchana, ndani ya mji, pamoja na wenzako. Mwenye tansio, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito waulize kwanza kwenye kituo cha afya. Anayemeza dawa ya sukari atembee na kitu kitamu mfukoni. Kifua kikikubana ao kichwa kikizunguka, simama, tafuta muuguzi.

Kwa mkutano ujao

Tunapendekeza kila koperative ijadili mambo matatu.

1. Kuomba muuguzi wa kituo cha afya aje kupima tansio siku ya mkutano mkuu. Kipimo kikifika 140 kwa 90 ao kupita, mtu arudi kupimwa siku nyingine.
2. Kupanga salongo ya Jumamosi moja kwa mwezi kwenye kitalu ao njia ya depo. Salongo ya Mobutu ilikuwa ya lazima; hii iwe ya hiari, na watu wa komite ndio watangulie kushika jembe.
3. Kila baba aseme mbele ya wenzake ni kazi gani ya nyumbani ataichukua. Mkutano unaofuata, mama ndiye aulizwe kama aliichukua kweli.