Jina la duka lako liko kwa kitambulisho cha nani?

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaingia sokoni, kwa sababu siku hizi sufuria za nyumba nyingi hapa Kakuma zinategemea soko kuliko mgao. Mwaka 2025 mgao ulipokatwa, aliyekuwa na meza ya nyanya aliongeza sabuni na mafuta, na aliyekuwa anasuka nywele za marafiki bure akaanza kudai pesa. Hata kabla ya hapo soko letu halikuwa dogo. Mwaka 2018 shirika la IFC, lile la Benki ya Dunia, lilitoa ripoti ikisema Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000.

Sasa tunauliza: kati ya biashara hizo, ni ngapi zimeandikwa kwa jina la mwenye jasho?

Tuchukue mfano wa mama mshonaji, tuseme yuko Kakuma 2. Duka lake analiita Nyota ya Kivu, na jina hilo limechorwa kwa rangi ya bluu juu ya bati. Wateja wanatoka mpaka Kalobeyei kwa sababu vitenge vyake vinakaa vizuri mwilini na harusi hazimkuti hajamaliza. Lakini alipoanza, laini ya simu kwa mkimbizi ilikuwa taabu. Basi jirani mmoja Mkenya, mtu mwema tu, akamkopesha kitambulisho. Laini ikachukuliwa kwa kitambulisho hicho, namba ya Lipa na M-Pesa hivyo hivyo, na leseni ya kaunti ikaandikwa jina la jirani. Miaka inapita, hakuna shida, wanasalimiana kila asubuhi.

Halafu jirani anafariki. Au anahamia Eldoret, au wanakosana kwa jambo la watoto ambalo halina uhusiano na duka. Pesa ya wateja inaingia kwa laini ya mtu mwingine. Ndugu za jirani wanakuja na karatasi mkononi wanasema, duka ni la marehemu wetu, angalieni jina. Mama anakwenda kwa mwenyekiti wa bloku, wazee wanakaa, kila mtu anajua ukweli. Lakini ukweli wa bloku haubadilishi karatasi. Benki, kampuni ya simu na ofisi ya kaunti zinamjua yule aliyeandikwa. Mama amebaki na cherehani, kama naye amebahatika kubaki nacho.

Hatusemi majirani zetu ni wezi. Wengi walitusaidia wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine. Tunasema njia nyingine sasa iko, na bei yake ni ndogo kuliko gauni moja la harusi.

Nchini Kenya iko Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499. Inasema hivi kwa kifupi: ukifanya biashara kwa jina ambalo si jina lako mwenyewe, unatakiwa kulisajili. Kama unauza kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, bila kuongeza neno, sheria haikulazimishi. Ukiongeza neno lolote, iwe Saluni, Nyota au Ushonaji, hilo ni jina la biashara. Na kuhusu sisi wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi au biashara, mmoja mmoja au kwa kikundi. Kwa hiyo ukienda kusajili huombi huruma ya mtu.

Hapa kuna mchanganyiko mkubwa sokoni na lazima tuuondoe. Watu wengi wanaonyesha leseni ya kaunti ya Turkana wanasema, mimi nimeshasajili. Hapana. Ile leseni ni ruhusa ya kuuza mahali fulani kwa mwaka mmoja, ndiyo maana kila mwaka unalipa tena. Haisemi jina la duka ni la nani. Cheti cha jina la biashara ndicho kinachosema kwamba jina hili linatumiwa na mtu huyu, mwenye kitambulisho hiki, na hulipii tena kila mwaka. Mwenye duka anahitaji vyote viwili. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, hata mtoza ushuru wa sokoni akikuambia vinginevyo.

Zamani kazi hii ilikuwa ya kuchosha. Makaratasi yalipelekwa Nairobi, Sheria House, na mkimbizi alihitaji kwanza kibali cha kutoka kambini, halafu nauli, halafu mahali pa kulala. Wengi waliona afadhali kuazima jina la mtu. Sasa kazi inasimamiwa na ofisi inayoitwa Business Registration Service, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na maombi yanapita kwenye mtandao wa eCitizen. Unaweza kumaliza yote kwa simu yako au pale saiba bila kukanyaga basi la Kitale.

Unahitaji kitambulisho cha mkimbizi ambacho hakijaisha muda, namba ya PIN ya ushuru kutoka KRA, picha ya pasipoti, namba ya simu na barua pepe. Ile karatasi ya familia, manifesti, ni muhimu kwa mambo mengine lakini hapa haitoshi. Unafungua akaunti, unaandika majina unayotaka kwa mpangilio, lile unalolipenda zaidi likiwa la kwanza, unaeleza biashara ni ya nini na iko wapi, halafu unalipa. Ada imekuwa shilingi 950. Angalia kiasi kinachotokea kwenye skrini yenyewe kabla ya kulipa, maana ada za serikali hubadilika.

Jambo linalokwamisha wengi ni herufi. Kwenye kitambulisho umeandikwa kwa C, kwenye PIN kwa K, kwenye laini ya simu jina la baba limetangulia. Mashine haina huruma, ikiona majina hayafanani inakataa. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, weka karatasi zako zote juu ya meza ulinganishe herufi kwa herufi. Kama kosa liko kwenye kitambulisho chenyewe, anzia ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, DRS. Usimwambie kijana wa saiba abadilishe kidogo ili ipite. Itapita leo, na siku ya kufungua akaunti ya benki itakurudia.

Na kuhusu vijana wa saiba: wengi ni watu wa kusaidia, wanastahili kulipwa kwa kazi yao. Lakini akaunti iwe yako, barua pepe iwe yako, neno la siri ulijue wewe. Kuna mtu anafungua akaunti moja na kuwaandikia watu kumi ndani yake, halafu siku akihama, wote kumi wanabaki nje ya mlango. Malipo ya serikali kwenye eCitizen yanapita kwa namba ya Paybill 222222. Mtu akikuambia utume ile 950 kwa simu yake binafsi eti yeye ndiye atapeleka, mwambie asante, nitalipa mwenyewe.

Jina gani linakubaliwa? Msajili anakataa jina ambalo mwingine ameshalichukua au linalofanana nalo sana. Na kumbuka unashindana na Kenya nzima, si bloku yako. Ukiandika Mama Safi Hoteli peke yake, kuna uwezekano mkubwa mtu wa Mombasa au Kisumu amekutangulia. Ongeza neno la kwenu, mto wa kwenu, kijiji, jina la bibi yako. Hapa sisi wakimbizi tuna utajiri, majina ya Uvira, Fizi, Ruyigi au Torit hayana foleni kubwa huko Nairobi. Neno Limited usiliweke, hilo ni la kampuni, na kampuni ni habari nyingine yenye masharti yake. Jina linaloonekana kama la ofisi ya serikali nalo halipiti. Na tafadhali, yale maduka yenye herufi za UN juu ya mlango, tunacheka tukipita, lakini kwa msajili hayatachekesha.

Cheti hakifanyi kila kitu, na ni vizuri ujue mipaka yake kabla ya kulipa. Kwanza, jina lililosajiliwa halifanyi duka kuwa mtu mbali na wewe. Deni la duka ni deni lako, anayekudai anaweza kufuata mpaka vitu vya nyumbani. Pili, jina la biashara si alama ya biashara. Kama unatengeneza sabuni au siagi ya karanga na unataka mtu mwingine asibandike nembo yako kwenye bidhaa yake, hiyo inasajiliwa KIPI, ofisi nyingine kabisa, gharama yake ni kubwa zaidi na ulinzi wake ni wa miaka 10 kabla ya kuhuisha. Kwa meza ya nyanya usijisumbue. Kwa mwenye bidhaa inayosafiri mpaka Lodwar na Kitale, fikiria.

Tatu, ile PIN. Hapa watu wameumia. Ukishakuwa na PIN, KRA inatarajia kila mwaka utoe taarifa ya mapato ya mwaka uliopita kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu. Usipotoa, faini inaanzia shilingi 2,000 kwa kila mwaka uliokosa, na inangoja kimya mpaka siku unapohitaji karatasi ya ushuru. Kutoa taarifa hakulipiwi. Andika tarehe hiyo ukutani pamoja na siku za kuzaliwa za watoto.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huu ni ukurasa wa familia. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayekaa dukani tangu asubuhi, na baba ndiye anayeandikwa, kwa sababu yeye ndiye kichwa kwenye karatasi ya familia. Hakuna sheria inayotaka hivyo. Jina la biashara linaweza kusajiliwa kwa mtu mmoja au kwa washirika wawili na zaidi, na mke na mume wanaweza kuwa washirika. Mkiandikwa wote wawili, hakuna anayeweza kuamka asubuhi akasema duka ni langu peke yangu. Na baba akifariki, mama haanzi kujieleza kwa shemeji zake nani alinunua rafu zile. Lakini ushirika una uzito wake, deni analochukua mmoja kwa ajili ya duka linawagusa wote. Kwa hiyo tunasema mke na mume, ndiyo. Kijana wenu mkubwa anayefanya kazi, ndiyo. Rafiki wa kanisani au msikitini ambaye hujawahi kuona anavyolipa madeni, ngojeni kwanza.

Jambo la pili la nyumbani ni safari. Mwenye jina anaweza kupata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, au akaamua kurudi Burundi au Sudan Kusini, akawaachia dada yake na watoto wake duka. Anaondoka na kitambulisho chake, na jina linabaki limesajiliwa kwa mtu asiyekuwepo. Ni kama ile hadithi ya jirani, ila safari hii ni ndugu. Kabla ya kupanda gari, aingie eCitizen na kupeleka taarifa ya mabadiliko ili anayebaki aandikwe, au taarifa ya kufunga kama duka linaisha. Afanye pia hivyo kwa namba ya Lipa na M-Pesa na kwa leseni ya kaunti. Kazi hii ifanyike mapema, si wiki ya mwisho ya mabegi na kulia.

Kwa jamaa zetu walioko Nakivale na Kyangwali: Uganda nako njia iko. Sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya biashara, na majina yanasajiliwa na ofisi inayoitwa URSB. Cheti cha Kenya hakifanyi kazi huko, wala cha Uganda hapa. Na mtu akirudi Congo atasajili upya kwa utaratibu wa kule. Walioko Nyarugusu hali yao ni nyingine, biashara za wakimbizi huko zimebanwa sana, hatutaki kuwadanganya kwamba haya tunayoandika yanawafaa.

Wale wenye vikundi, washonaji kumi au akina mama wa kuweka na kukopa, mlango wenu si huu. Vikundi vinasajiliwa chini ya sheria yake ya mwaka 2022, kwa ofisi ya maendeleo ya jamii.

Cheti kikitoka kinakuja kwenye akaunti yako, unakiprinti. Sheria inataka kionekane mahali pa biashara, basi kipigilie ukutani ndani ya nailoni, mbali na jiko na mbali na pale paa linapovuja. Nakala nyingine iweke pamoja na manifesti na kadi za chanjo za watoto, kwenye ule mfuko ambao kila familia hapa inaushika kwanza moto au mafuriko yakija.